Tarehe Tatu Mei

Mwaka wa 2007 nilikuwa na kiburi cha kijinga: nilitaka kompyuta iseme Kiswahili. Chama kimoja cha wakulima wa viazi huko Molo kilikuwa kimeniita kutoka Nakuru niwatengenezee programu ya kuchapa kadi. Kila mkulima angepata kadi yenye siku ya kuja stoo kuchukua magunia yake ya mbegu safi, zisizo na ugonjwa wa mnyauko. Asipotokea ndani ya wiki moja, mbegu zake anapewa anayefuata kwenye orodha.

Orodha ilikaa ndani ya programu ya zamani ya Java. Ile yangu ya kuchapa niliiandika kwa mfumo mwingine, dotnet, halafu nikaziunganisha, Java itume tarehe kama maandishi na dotnet iyasome. Kwenye mipangilio ya lugha ya dotnet nikachagua Kiswahili cha Kenya. Siku hiyo ilikuwa tarehe mbili mwezi wa pili, nikajaribu kwa tarehe hiyohiyo. Kadi ikatoka: Ijumaa, 2 Februari 2007. Nilifurahi kama mtoto. Niliizungusha ofisi nzima kila mtu aione.

Kisha balaa. Nilipoanza kuchapa za mwezi wa tatu, baadhi ya tarehe zilikataliwa. Tarehe kumi na tatu, kosa. Ishirini, kosa. Maandishi mekundu skrini nzima. Nikashuku Java, nikaiambia nayo itumie Kiswahili. Ilikubali bila neno, kisha ikaandika "Monday". Laiti ingesema haijui! Ilinyamaza tu, ikaendelea na Kiingereza chake. Siku tatu nilibadilisha, nikazima, nikawasha, nikatukana, huku vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Molo, na mwenyekiti wa chama akichungulia mlangoni kila saa kuuliza kadi ziko wapi. Mwishowe nikachoka. Zile tarehe zilizokataa nikaziandika mwenyewe kwa kalamu, zilizokubali nikaziacha zitoke kwenye printa, nikarudi Nakuru nikajiambia kazi imeisha.

Mwisho wa mwezi wa tatu nilikuwa pale ofisini tena, mvua imeshaanza, alipoingia mama mmoja kutoka Kuresoi akiwa na gambuti zilizojaa matope. Alitoa kadi iliyokunjwa ndani ya leso.

"Ni wewe uliandika hii?"

Nilisoma: Alhamisi, 3 Mei 2007.

"Ni mashine, mathe. Lakini mashine ni yangu."

"Sasa niambie, mwezi wa tano nani anapanda waru, hivi viazi vyetu?"

Nikafungua orodha. Jina lake lilikuwa tarehe tano mwezi wa tatu, 5/3. Nikatazama kadi, nikatazama orodha. Kiswahili changu cha dotnet kilikuwa kinasoma mwezi kwanza, siku baadaye. Tarehe iliyopita kumi na mbili ilikataa kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu. Ndogo zote zilikubali na kugeuzwa kimyakimya, isipokuwa zile zinazofanana pande zote mbili, kama ile 2/2 niliyojaribu nayo. Kadi nilizozitukana ndizo zilizokuwa salama.

"Mbona hukuja mapema, mathe?" nilimuuliza, na mpaka leo naona aibu kwamba niliuliza.

"Nilisoma hiyo Mei, sikujua ni mwezi gani, nikaiacha hivyo. Sisi tunasema mwezi wa tatu, mwezi wa nne. Nikafikiria mbegu imechelewa. Juzi ndio nimeuliza mwalimu, akaniambia Mei ni mwezi wa tano. Ungeandika mwezi wa tano, ningekuja hapa siku hiyohiyo."

Nilikwenda stoo mwenyewe. Magunia yake yalikuwa yamechukuliwa wiki mbili zilizopita. Wengine waliogeuziwa tarehe, majirani zao walikuwa wamewashtua wakaja. Yeye anakaa peke yake juu huko, hakuna aliyemshtua. Nilirudi nikamwambia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kwa hivyo nitapanda ile ya zamani," alisema. "Ile inanyauka."

Nilikaa kwenye kompyuta nikairekebisha mbele yake: Java itume mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na dotnet isome hivyohivyo bila kujali lugha. Dakika kumi. Nilitamani kuitupa ile mashine dirishani, na mimi niifuate.

Printa sikuigusa. Nilichukua kalamu na kadi tupu, nikamwandikia zamu ya msimu unaofuata: Jumatatu, tarehe ishirini, mwezi wa nane.

Aliisoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata maneno.

"Hii ndio Kiswahili," alisema, akaikunja kwenye leso, akatoka kwenda kupanda mbegu mbovu.