Timu ya Drafti na Picha za Pasipoti

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Hillbrow, mtaa wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika, mtoto hakupigwa picha hivi hivi. Mtu akitoa kamera aliulizwa kwanza: picha za nini? Akijibu, aliulizwa ametumwa na nani. Akijibu na hilo bila kubabaika, basi kule kutobabaika kwake ndiko kukawa ushahidi kwamba ana jambo. Nawaandikia nyinyi wa rika langu, mliolelewa na wazazi waliovuka mipaka na begi begani, kwa sababu nyinyi hamtaniuliza kwa nini. Watoto wetu wa leo wanapiga picha hata mkate kabla ya kuung'ata, kisha wanawatumia watu wasiowajua.

Nakumbuka korido yetu. Lifti ilikufa kabla hatujahamia, na mpaka tunahama hakuna aliyeifufua. Tulicheza mpira koridoni, mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa mabaki ya nywele bandia, maana mama alikuwa msusi, na nywele hazikukosekana nyumbani hata ndani ya sukari. Ghorofa zima lilinuka samaki wa chumvi, yale makayabu yetu, mafuta ya nywele na parafini. Jumamosi tuligawana kota, ule mkate unaochimbwa katikati na kujazwa chipsi, na aliyepewa upande wenye achari nyingi alitazamwa kwa jicho baya wiki nzima. Sheria za nyumbani zilikuwa chache na hazikujadiliwa. Kwenye teksi usiongee Kiswahili. Usitaje namba ya chumba. Ukiulizwa baba yuko wapi, sema yuko kazini, hata kama amesimama nyuma yako.

Baba alikuwa mlinzi wa geti katika klabu ya mpira ya Wakroatia, upande wa kusini wa mji. Kazi hiyo aliipata kwa karatasi za mdogo wake, Daniel, aliyekuwa amerudi kwetu Lubumbashi. Karatasi zake mwenyewe zilikuwa zimekwisha muda, na kila alipokwenda kuzifuatilia aliambiwa arudi siku nyingine. Kwa hiyo nyumbani alikuwa Papa Odette, kwa jina langu mimi mtoto wake wa kwanza, na getini alikuwa Daniel. Nilifundishwa nisigeuze shingo nikisikia Wazungu wanamwita hivyo.

Historia ya klabu ile niliipata kwa vipande, na kila kipande kilitoka kwa mzee mwenye glasi mkononi, kwa hiyo siiamini yote. Walisema iliundwa na vijana waliotoka Kroatia kuja kuchomelea vyuma na kujenga, wakalijenga jengo la klabu wenyewe siku za mapumziko. Walisema zamani uwanja ulikuwa haupitiki kwa watu na kwamba walichukua vikombe vingi. Vikombe niliviona kabatini, ila maandishi yake yalikuwa yamefutika, na mzee mwingine aliniapia kwamba kile kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha mashindano ya karata. Jezi zao zilikuwa za miraba myekundu na myeupe. Sisi watoto tuliwaita timu ya drafti. Lakini vijana wao walikuwa wamekua, wengine wakaenda Australia, wengine wakapenda raga, na klabu ikabaki na wazee, kinanda cha mkono na mwanakondoo anayezungushwa juu ya moto.

Kocha aliitwa Mzee Stipe, mtu mrefu mwenye magoti mabovu. Ligi ilikuwa imewaambia kwamba klabu isiyo na timu ya watoto itafutwa. Mzee Stipe akatafuta watoto akakosa, mpaka macho yake yakamwangukia mtoto wa mlinzi. Jumamosi mama alikuwa na vichwa vingi vya kusuka, kwa hiyo baba alikwenda na mimi kazini. Mzee akaniweka golini kwa sababu hakukuwa na mwingine. Nilijirusha kwenye ule udongo mgumu kama nilivyozoea kujirusha kwenye saruji ya korido, akanitazama sana, kisha akaniuliza kama kwetu wako wengine.

Wiki iliyofuata alikuja na pikapu mpaka chini ya ghorofa letu, na maneno yakaanza.

"Uyu muzee anatafuta nini na batoto ya benyewe?" mama aliuliza, akiwa ameshika kitana.

 Tuliporudi alinusa nguo zangu, akazifungua soseji tulizopewa na kuzichungulia ndani, akataka kujua kama aliyetukatia machungwa alikuwa amenawa. Wazazi walituruhusu kwenda kwa sababu baba alikuwepo getini, na kwa sababu watoto wa Jumamosi katika chumba kimoja ni adhabu.

Mimi niliipenda timu ile kuliko chochote nilichowahi kupewa. Niseme wazi: nilikuwa mtoto wa kutoonekana, nimefundishwa kutoonekana, na pale niliwekwa mahali ambapo kila mtu lazima anione. Tena Mzee Stipe alinifundisha kwamba kipa akitoka kuufuata mpira lazima apige kelele ili mabeki wampishe. Na neno lenyewe, akasema, ni "Moya!"

Mliosoma Kiswahili cha vitabuni mtasema ni moja. Sisi wa Lubumbashi tunasema moya, na mzee yule alisema moya, sawasawa na bibi yangu. Mgongoni nilikuwa na namba moja. Nikajua kabisa kwamba amekwenda kutafuta neno la kwetu kwa ajili yangu. Nikidaka vizuri alinigusa begani akasema taratibu, "Moya Odette." Nyumbani sikulisema jambo hilo. Nilitaka liwe langu.

Kulikuwa na mengine. Sisi kwa heshima tulimwita Baba, na wazee wenzake walicheka mpaka wakakohoa, wakaanza kumwita Baba na wao. Na tukipasiana vizuri alipaza sauti, "Tako! Tako!" Hapo mechi ilisimama, maana nusu ya timu ilikuwa chini ikishika mbavu.

Geti lilikuwa mbele, uwanja nyuma ya jengo, kwa hiyo baba hakuwahi kutusikia. Mpaka siku aliyotumwa kuleta funguo za stoo. Nilimwona amesimama kando ya uwanja na funguo mkononi. Wazee walikuwa wanaita Baba, kocha anaita tako, na mimi golini naitwa moya, moya. Uso wake ukabadilika. Alizitua zile funguo kwenye benchi polepole, akarudi getini bila kunitazama.

Mnaelewa kilichompata. Kwa muda wote ule, pale getini, alikuwa akipiga soga na rafiki zake wa Lubumbashi kwa sauti, kwa Kiswahili, na wazee wale wanakunywa nyuma yake. Mambo ya karatasi, mambo ya Daniel, yote.

"Bale bazungu banasikia Swahili," alimwambia mama jioni ile. "Na si ya ku masomo. Ni ya kwetu kabisa. Banaificha."

"Na iyo tako alikuwa anaambia nani?" mama akauliza.

Hilo lilichukua muda mrefu kulimaliza. Nilijaribu kusema kwamba mzee anajua maneno matatu tu, baba akaniambia kwamba mtu anayekuonyesha matatu amekuficha mia. Na kusema kweli, hata mimi nilianza kumchunguza Mzee Stipe. Alipotabasamu nilijiuliza anatabasamu nini.

Katikati ya mashaka hayo, Mzee Stipe akaomba picha. Ligi ilitaka kila mtoto awe na kadi, na kila kadi iwe na picha ya pasipoti, jina na umri. Akaeleza kwamba zisipofika kabla ya Jumamosi hatutaandikishwa, na tusipoandikishwa klabu imekwisha. Alieleza kwa Kiingereza, polepole, mkono kifuani. Mimi nilibeba ujumbe ule kama yai.

"Foto ya nini?" baba akasema.

Wazazi walikutana kwenye ngazi, na nilisikia kila kitu kwa sababu ngazi zetu zilipeleka sauti mpaka juu. Kwanza watoto, kisha picha, kisha majina, kisha umri, na wenyewe wanajifanya hawasikii Swahili. Aliyetaka kumtetea mzee aliulizwa amepewa nini. Nililia, nikasema sitaomba kitu kingine maisha yangu yote. Mama alinitazama kwa huruma nikadhani amelegea. Akanifuta machozi kwa kanga, akasema picha hazipigwi.

Jumamosi pikapu ilikuja. Siku zote tulikuwa tunaingojea chini. Siku hiyo ilipiga honi, na hakuna aliyeshuka. Baba hakwenda kazini. Alikuwa amesimama dirishani nyuma ya pazia, na mimi nilichungulia chini ya mkono wake. Mzee Stipe alishuka na magoti yake mabovu, akatazama juu kwenye madirisha yale yote, asijue letu ni lipi. Akaweka viganja mdomoni.

"Moya!"

Baba akanivuta nyuma.

"Unaona? Anaanza kuhesabu," alinong'ona. "Akifika tatu, polisi baingie."

Tukangoja mbili. Mzee aliita tena moya. Akakaa kidogo, akaita tena, moya, kila safari sauti ikiwa nyembamba zaidi, na mbili haikuja. Mwishowe tukasikia mlango wa pikapu ukifungwa. Baba alibaki pazia mkononi hata baada ya barabara kuwa tupu, na kwenye geti lile hakurudi tena.

Klabu ilifutwa. Wengine wanasema iliuzwa na mwanachama mwenye tamaa, wengine wanasema ilikuwa imekufa zamani ikisubiri kuzikwa. Sijui, na anayesema anajua namtilia shaka. Leo pale uwanjani kuna nyumba za kupangisha zilizozungushiwa ukuta na nyaya za umeme, na mlinzi wa getini anakutaka utazame kamera kabla hajakufungulia.

Nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto pale viwanja vilipofungwa kwa mashabiki wakati wa korona. Mtakumbuka, mechi zilichezwa kimya, unasikia hata kishindo cha mpira. Jezi za miraba zilikuwa zinacheza kwenye televisheni. Krosi ikapigwa, kipa akatoka, akapaza sauti: "Moya!" Nilimwaga chai.

Nilikwenda kwenye bucha moja ya kusini inayouza nyama zao za kukausha. Mwenye bucha ni mama Mkroatia, mtu wa makamo. Nilimzunguka kwa maneno kwanza, nikanunua nyama nisiyoihitaji, ndipo nikamuuliza. Tako, akasema, ni hivyo hivyo, vizuri. Baba ni bibi kizee, na hapo nikaelewa kile kicheko cha wazee. Moya aliniandikia kwenye karatasi ya kufungia nyama: m, o, j, a, na j yao husomwa y. Akasema maana yake ni yangu. Kipa anaposema hivyo ana maana mpira ni wangu, nipisheni. Nikamwambia naitwa Odette, nikamuuliza kama linatumika kwa mpira tu.

"Hapana," alisema. "Hata kwa mtoto wa kike. Mtoto wangu. Odette wangu."

Nilimsimulia baba, ambaye sasa ni mzee na anaishi nami, karatasi zake zote safi. Alisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, nikadhani analia.

"Na weye," akasema, "ulimwambia uyo mama jina yangu?"

"Gani, Papa?"

Akafikiri. "Ata moya," akasema.

Mwanangu naye ni kipa. Juzi alinyanyua simu ikamtazama uso, nikasikia mdomo wangu ukisema picha za nini, kwa sauti ya baba kabisa. "Eish, Mama, ni ya timu tu," akasema, na ilikuwa imeshatumwa. Kocha wake hajawahi kufika nyumbani kwetu. Akimtaka anatuma ujumbe kwa watoto wote kwa pamoja, na asiyekuja hafuatwi. Mambo yamekuwa mepesi, hakuna anayeogopa, na mimi sikatai kwamba ni bora.

Ila enzi zetu mtu aliweza kusimama barabarani Hillbrow, mbele ya madirisha yote yale, akapaza sauti kwamba mimi ni wake. Nasi tulikaa nyuma ya pazia, tukisubiri aseme mbili.