Kazi ya Anayekaa Nyuma

Mwalimu aliniambia mbele ya wazazi wengine: "Mama, mutoto yako iko bubu? Kama hasome kwa sauti, atarudia mwaka."

Bubu! Darasa lile nilishalichungulia dirishani. Watoto wamekunja mikono kifuani, midomo imefungwa, wanasubiri kuimba ba-be-bi kwa pamoja. Unamnyamazisha mtoto asubuhi nzima, kisha unamlaumu kwa kunyamaza.

Kesho yake nikampandisha binti yangu nyuma ya kinga, baiskeli ninayobebea mboga hadi soko la Kikula. Mzigo ukiwa mkubwa siwezi kugeuka, kwa hiyo kazi ya anayekaa nyuma ni kusema kinachokuja. Siku za kwanza alisema "gari" tu. Nilimfokea: "Gari gani? Iko mbali ao karibu? Sema, tusikufe!" Polepole maneno yakaongezeka, gari likawa lori: kamiyo ya bulu, imebeba mifuko, dereva anakula.

Muuza makaa mmoja wa njia ya Kambove alitucheka. "Ee mama, bwana yako iko wapi? Yeye ndiye wa kupanda kinga!"

"Iko nyumbani, anapika bukari!" binti yangu akamjibu kabla yangu.

Kisha akageukia maandishi ya kuta. Kwetu, ndugu wakigombania kiwanja cha urithi, mmoja huandika ukutani kwa rangi, mwingine asije akakiuza kwa siri. Nilipunguza mwendo, akaunganisha herufi: LUPANGU HII HAIUZISHWE.

"Mama, banani banataka kuiuzisha? Juu ya nini?" akauliza, akitaka kujua ni akina nani hao na kwa nini.

Nimelifikiria sana jambo hili. Barabarani neno lake lilihitajika. Darasani hakuna aliyelingoja.

Siku ya kupimwa kusoma darasani, nami nipo, binti yangu alikunja mikono. Kimya. Mwalimu akashika kalamu aandike kwamba atarudia mwaka.

"Umutoshe inje," nikasema, nikitaka amtoe hadi kwenye kinga yangu uani.

"Hapa si soko, mama."

"Umutoshe."

Mwalimu alitoka naye akinung'unika, kitabu mkononi. Binti yangu akapanda nyuma ya kinga, nikaisukuma taratibu uani, mwalimu akitembea kando na kumshikia kitabu. Mtoto alisoma ukurasa mzima, akikwama, akirudia, kisha akamuuliza mwalimu kwa nini mbuzi wa hadithi hakufungwa kamba.

Mwalimu akafunga kitabu. "Atapanda darasa," akasema.

Sikumshukuru. Nilimuuliza wale waliobaki ndani, mikono imekunjwa, atawatoa lini.