Siku Felismina Alipoigiza Mtu

Felismina Caçoila alikuwa kiguu na njia tangu utotoni. Sisi wa mtaa wa Madragoa tulimjua hivyo: unamtuma chumvi asubuhi, anarudi jioni, chumvi hana, wimbo mpya anao. Mama yake, Perpetua, alikuwa muuza samaki kama mama zetu wote. Tenga kichwani, sketi imekunjwa kiunoni, miguu peku, akipanda na kushuka vilima vya Lisbon na ile sauti yake iliyoamsha watu kabla ya kengele za kanisa. "Wazima wa pwaniii!" Hata ukiwa umelala ghorofa ya nne utaamka, utake usitake.

Binti alibebeshwa tenga akiwa na miaka kumi na miwili, akalibeba miaka minne. Mwaka wa tano akalitua kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi wa Mirante, sadini wakiwa bado ndani, akaingia kuuliza kama wanahitaji wasichana wa kucheza. Hakutoka tena. Paka wa mtaa ule walikula wakashiba siku hiyo.

Mirante walikuwa wakionyesha revista, na revista, kwa asiyewahi kuiona, ni mwaka mzima kupandishwa jukwaani ukaimbwa na kusutwa: waziri aliyeanguka, tramu iliyoacha reli, mkate uliopanda bei. Hawaigizwi watu peke yao. Vitu navyo hupewa miguu na mdomo, na vitu ndivyo alivyoangukia Felismina. Ndani ya miaka kumi na minne alikuwa Taa ya Gesi, akawa Tramu ya Umeme, akawa Ukosefu wa Maji, akawa Mgomo wa Waokaji, na mwisho akawa Kitunguu. Kitunguu ndicho kilichompa jina. Alitoka amevaa sketi saba, moja juu ya nyingine, na kila ubeti akivua moja akilia, hadi watu wa viti vya mbele wakalia nao kwa kucheka.

Majirani hawana dogo. Wakamfuata Perpetua kwenye bomba la maji wakamwambia binti yako sasa ni kitunguu. Perpetua akajaza ndoo yake, akajitwika, ndipo akajibu mbele ya wote: "Mimi nilizaa mtu. Siku akiigiza mtu nitakwenda kumtazama. Kitunguu ninacho jikoni."

Neno likamfikia Felismina, likamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Tangu hapo hakutulia. Akahama Mirante kwenda ukumbi mwingine, akarudi, akahama tena, mara tano kwa hesabu yetu, kila mahali akiomba jambo moja: apewe mtu. Mtu yeyote. Mfuaji, mjane, mlinzi wa geti. Wenye kumbi wakimtazama kimo chake kifupi na mashavu yake ya duara wanasema, bibi wee, Mungu amekuumba mboga, usimbishie. Aliweza kucheka nao. Akifika chumbani kwake anazunguka meza mpaka mpangaji wa chini agonge dari kwa fimbo ya ufagio.

Mwaka 1913 bahati ikamwangukia, tena ilitoka Brazil. Brazil ilikuwa ikitumezea waigizaji kila msimu, na safari hii ilimmeza Adozinda, bibi mrembo aliyepewa kuimba Muuza Samaki katika revista mpya ya Mirante. Alipanda meli na kundi jingine, ikiwa imebaki wiki moja onyesho lianze, hata kwaheri hakuaga. Bwana Quaresma, mwenye ukumbi, alikuwa akitembea ukumbini huku na huku ameshika kichwa, Felismina akamkingia njia kwenye ujia.

"Nipe mimi," akamwambia.

"Kitunguu hakiuzi samaki, Felismina."

Hakubishana naye. Akaweka mkono kiunoni, akainua kidevu, akatoa ile sauti ya mama yake jinsi ilivyo, na mkia wake wote. Maseremala waliokuwa wakigonga mapambo ya jukwaa wakanyamaza. Na kutoka barabarani, kupitia dirisha lililokuwa wazi, mpishi wa nyumba ya jirani akaitikia akiuliza sadini leo wakoje.

Quaresma akacheka mpaka akakaa chini. Akampa. Ila alimwonya, naye hakuwa mtu wa kutania katika hilo: miguu ikipigwa siku ya kwanza, kipande kinatolewa asubuhi yake, na aliyekiimba anarudi alikotoka. Hata kwa Adozinda ingekuwa hivyo. Kila mtu Lisbon anajua desturi ya ukumbini: ukipenda unapiga makofi, ukichukia unapiga miguu sakafuni mpaka mtu aondoke jukwaani. Kila mtu anajua. Nikisema kila mtu nina maana ya kila aliyewahi kuingia ukumbini, na hapo ndipo palipotuharibikia.

Felismina alikwenda Madragoa siku hiyohiyo. Alimkuta Perpetua akiparua magamba mlangoni, akabaki amesimama, mguu huu mguu ule, kama amekuja kukopa.

"Mama, wamenipa mtu."

Perpetua hakuinua uso. "Mtu gani?"

"Muuza samaki."

Kisu kikasimama. Kisha kikaendelea. "Basi tenga ulibebe sawasawa," akasema Perpetua. "Usilishike kwa mikono miwili kama bwege."

Wiki ile Madragoa nzima ilikuwa na homa. Wanawake kumi na wawili walisema watakwenda na Perpetua, tena watakaa mstari wa mbele wa roshani ya juu, ile ya watu wa kawaida. Shida ilikuwa miguu. Mabawabu wa Mirante hawaruhusu mtu peku, na wale wanawake walikuwa na nyayo ngumu kuliko soli yoyote, viatu wapi na wapi. Wakaazima mitalawanda, vile viatu vya mbao, kwa shemeji, kwa bibi mzaa baba, hata kwa marehemu. Perpetua alijinunulia yake mipya. Alifanya nayo mazoezi kwenye ngazi za kanisa, akiteleza na kutukana, nasi tukacheka hadi akatutishia kwa mkia wa papa.

Jioni yenyewe ikafika. Ukumbi ulijaa pomoni. Bwana Zeferino, yule mwigizaji wa kofia ndefu anayeuongoza mchezo kipande hadi kipande, akamtangaza Muuza Samaki, na Felismina akatoka na tenga kichwani, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukining'inia huru. Ubeti wa kwanza watu walisikiliza. Ubeti wa pili wakaanza kusogea ukingoni mwa viti vyao. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba pale kwenye ubeti wa pili, kwa mara ya kwanza maishani mwake, mwili wake haukutaka kuwa mahali pengine.

Ubeti wa tatu ulianza kwa ule mwito. Akautoa. Ukapanda hadi roshani ya juu, ukamkuta mwenyewe.

Sasa ngoja nieleze, ingawa asiyejua maana haambiwi maana, kwa kuwa mimi nachoka kuwasikia watu wa mjini wakitucheka. Madragoa, sikukuu ya Mtakatifu Antonio, mwimbaji akikukosha humpigii makofi. Makofi ni ya kufukuza kuku. Unaikanyaga ardhi. Unaikanyaga kwa furaha, peku, kwenye udongo, haimsumbui mtu. Perpetua aliposikia sauti yake ikitoka kwenye kinywa cha mwanawe mbele ya taa zile zote, akaikanyaga sakafu. Wenzake kumi na wawili wakakanyaga naye. Mbao kwa mbao, jozi kumi na tatu nzimanzima za mitalawanda. Roshani ilitetemeka vumbi likaanguka.

Watu wengine wa juu wakadhani kumekucha, maana hakuna kinachompendeza mtu wa Lisbon kama vurugu ambayo hakuianzisha. Nao wakakanyaga. Mashabiki wa Adozinda wakapata nafasi yao. Punde ukumbi mzima ulikuwa miguu.

Felismina alijua maana ya miguu. Aliisikia miaka kumi na minne ikiwateremsha wengine. Midomo yake ilitafuta ubeti wa nne, haikuupata. Akashusha tenga kwa mikono miwili, kama bwege, akaondoka. Wapiga muziki wakarukia kipande kinachofuata, na Quaresma, aliyekuwa amesimama pembeni mwa pazia, akatikisa kichwa tu. Kipande kilikuwa kimekwisha kufa.

Mchezo ulipomalizika alijifuta rangi, akatoka mlango wa nyuma akitaka kutembea mpaka miguu iishe. Akawakuta wote kumi na watatu wamepanga mstari ukutani. Perpetua alikuwa mbele. Macho mekundu, kitambaa kimeteleza kichwani, na tabasamu ambalo Felismina hakuliona tangu baba yake alipozama.

"Mwanangu," Perpetua akasema, "tumekukanyagia mpaka visigino vinawaka moto. Umesikia?"

Felismina alimwelewa palepale. Yote yalimjia akilini kwa pamoja. Quaresma alikuwa ndani, hatua kumi tu. Neno moja lingetosha: Bwana, hawakuchukia, ni mama yangu, hajui. Kipande kingerudi kesho.

Lakini kwenye kizingiti alikuwa amesimama Zeferino, akiwasha sigara. Na kazi ya Zeferino kila mtu wa Mirante aliijua. Alichokisikia leo kesho kilikuwa beti. Ndivyo revista inavyokula: mtu akiteleza sokoni asubuhi, jioni anaimbwa. Angemweleza Quaresma, Zeferino angekuwa na wimbo kabla ya chai, na mji mzima ungemwimba Perpetua kila anapopita na tenga lake, mtaa kwa mtaa, mpaka azikwe.

"Jamaa zako hawa?" Zeferino akauliza. "Mbona wanafurahi, wakati wewe umepigiwa miguu?"

Bahati nzuri, Perpetua alikuwa amegeuka kuvishwa kitambaa chake na mwenzake, hakusikia.

"Ni watu wa nyumbani," Felismina akasema. "Wamenifurahia tu."

Kisha akamgeukia mama yake, akamwambia amesikia, amesikia yote.

Perpetua akataka kujua ataimba tena lini, maana mtaa mzima unataka kuja. Felismina akasema kwenye revista vipande hubadilishwa, ni kawaida, kesho itakuwa zamu ya mwingine. Alisema huku anacheka. Ni mwigizaji, hamwezi kumlaumu.

Asubuhi akarudi kuwa Kitunguu.

Miezi miwili iliyofuata hapakukalika naye. Hali, halali, anagombana na mshonaji juu ya sketi ya nne, anamwambia kila mtu kwamba anaondoka. Mwisho akaondoka kweli, yaani alijiandikisha na kundi la kwenda Brazil, meli ni Jumatano. Huko, akasema, hawamjui kama mboga. Madragoa hakukanyaga. Alikuwa anaogopa mama yake atamuuliza tena zamu yake lini.

Nani alimweleza Perpetua, hatujui mpaka leo. Wengine wanasema ni mpishi mmoja wa nyumba kubwa ambaye Perpetua alimsimulia kwa majivuno jinsi walivyomkanyagia binti yake, na mpishi akaacha samaki mkononi, akamtazama kwa huruma. Huenda. Tulichokiona sisi ni kwamba siku moja alirudi mapema, tenga nusu, akaketi mlangoni bila kuparua chochote.

Jumapili kabla ya meli kulikuwa na onyesho la mchana. Ukumbi ulikuwa nusu tupu, watoto na mayaya na wanajeshi wa likizo. Felismina alitoka na sketi zake saba, akavua ya kwanza, akalia, akavua ya pili. Kwenye ya tatu akainua macho kutafuta mahali pa kuyaweka, kama waigizaji wanavyofanya, akamwona.

Perpetua alikuwa peke yake mstari wa mbele wa roshani ya juu. Amevua mitalawanda, ameiweka mapajani, soli juu. Nyayo zake amezipandisha kwenye ubao wa ukingo zisiguse sakafu. Na alikuwa anapiga makofi. Vibaya mno, mapema mno, katikati ya ubeti wakati hakuna mwingine anayepiga, viganja vimenyooshwa kama anayefukuza kuku.

Kitunguu kilivua sketi zote saba siku ile, na watu walisema hakijawahi kulia vizuri hivyo.

Felismina alimkuta mama yake mlango wa nyuma, peku, mitalawanda mkononi.

"Leo sikukanyaga," Perpetua akasema.

Felismina akaitazama ile mitalawanda. "Nimeona, mama."

"Makofi je? Yalifika huko chini?"

"Yalifika."

Perpetua akamtazama kama anavyomtazama mteja anayesifia samaki asiyemtaka. Kisha akampa ile mitalawanda ambebee, wakashuka kilima pamoja, mama mbele kidogo, na huyu kiguu na njia nyuma yake, akitembea polepole ili asimpite. Jumatano meli ilipopiga honi mtoni, Felismina alikuwa Madragoa, amekaa mlangoni mwa mama yake, anaparua magamba.