Mafuta Yangu ya Mkaratusi

Nikikumbuka bado naumia. Nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Bariadi, na serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, kila mtu anatafuta cha kuuza. Mimi nikaanza kutengeneza mafuta ya mkaratusi nyumbani. Nilichemsha majani, mvuke ukapita kwenye bomba lililozamishwa ndani ya maji baridi, ukageuka majimaji, yakadondokea chupani. Juu palielea utando wa manjano. Nikadhani ni uchafu, nikawa nauengua kwa kijiko na kuumwaga.

Shangazi Kabula, aliyesumbuliwa na magoti, alijipaka mafuta yangu miezi miwili, akanisifu kila mahali. Siku moja akaja kwa miguu kutoka kijijini kwake Nkololo, akanipeleka kwa Mzee Salum, mwenye duka, ili auze chupa zangu.

Mzee Salum akachovya kidole. "Haya ni maji. Mafuta yako wapi?"

"Ni safi hayo, mzee," nikajibu kwa majivuno. "Ule utando wa juu naumwaga wote."

Wateja wakaguna.

"Kijana, huo utando ndiyo mafuta yenyewe!" akasema Mzee Salum.

Shangazi, aliyekuwa ameinua khanga kuwaonyesha watu magoti yaliyopona, akaishusha polepole. Hakuniangalia.