Ritifaa za Penseli

Kilichoninyima usingizi siku mbili ni penseli. Watoto arobaini na mmoja wa darasa la sita walikuwa wameandika majibu yao ya Kiingereza kwa wino wa bluu, lakini kila ritifaa, ile alama ndogo ya juu tunayoijua kwenye neno ng'ombe, ilikuwa ya penseli. Karatasi zote. Na karibu zote zilikuwa sahihi.

Ulikuwa mtihani wa ujirani mwema. Shule yetu ya Mkuyuni na shule moja ya Misungwi hufanya mtihani mmoja, kisha kila upande unasahihisha karatasi za mwenzake, kwa sababu hakuna anayemwamini mwenzake. Nilikuwa na miezi mitatu tangu niajiriwe kutoka chuo, bado niko kwenye majaribio, na bahasha yao nilikabidhiwa mimi.

Nilizipeleka karatasi dirishani moja moja. "The girls' shoes": ritifaa baada ya s, kwa kuwa wasichana ni wengi. "The boy's bag": kabla ya s, kwa kuwa mvulana ni mmoja. Hapo ndipo wanafunzi wangu huanguka wote. Wao wakiona s tu wanapachika, hata kwa mbuzi wanaojitembelea tu bila kumiliki kitu, "The goats are walking". Mbuzi wa Misungwi hawakuwa na alama yoyote. Nikajiambia, kuna mtu amekaa na karatasi hizi baada ya kengele. Nikamwona kabisa kichwani: mwalimu wao wa Kiingereza, mama wa makamo aliyeniletea bahasha huku akitabasamu. Alikuwa anatabasamu nini? Na kwa nini bahasha ilipakwa gundi mara mbili?

Nilimweleza mkuu wetu wa shule. Hakushangaa, na hilo nalo likanitia shaka.

"Muhula uliopita walitupita. Unajua?"

"Najua, mkuu."

"Basi andika taarifa, Kiingereza chao kifutwe. Kijana mwenye macho kama yako hatuwezi kumwachia aondoke."

Nikaandika ukurasa mzima. Kisha nikaanza kujiuliza kama mkuu ananipima. Nikajiuliza kama alama zile zimewekwa na mtu wa kwetu, ili wenzetu waonekane wezi. Nilifika mahali pa kulinganisha rangi ya penseli yangu mwenyewe na ile ya kwenye karatasi.

Ijumaa asubuhi nilikwenda Misungwi, taarifa, karatasi zao na fomu ya maksi vikiwa mkobani. Mwalimu yule nilimkuta mlangoni mwa darasa lake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kutupa maksi au kutunyang'anya?"

Nikacheka kwa kuchelewa. Niliomba niwaandikie watoto wake sentensi tano ubaoni, za viatu na mbuzi kama zile za mtihani ila bila ritifaa, kuwasalimia tu. Alinitazama, akanipa chaki, akaenda kusimama nyuma kabisa ya darasa. Nikashuku hata kule kusimama nyuma.

Waliandika kwa wino bila kuweka ritifaa hata moja. Nimewakamata! Halafu wakaweka kalamu chini, wakatoa penseli, na kiranja, msichana mrefu mwenye sauti ya mnadani, akasimama bila kuambiwa.

"Mbuzi wana nini?"

"Hawana kituuu!"

"Basi?"

"Usiweke!"

"Viatu vya nani?"

"Vya wasichana!"

"Mmoja au wengi?"

"Wengi!"

Nikajiambia wamesaidiana. Nikafuta ubao, nikaandika sentensi nyingine tano, nikaagiza ukimya, nikapita katikati ya madawati. Wakaandika tena kwa wino, wakashika tena penseli. Midomo ilikuwa inacheza. Mmoja aliweka alama, akahesabu kitu kwa vidole, akafuta, akaisogeza mbele ya s. Karibu wote walipata.

"Kwa nini penseli?" nilimuuliza mwalimu tulipotoka nje.

"Mwenye mali akibadilika, unafuta. Wino una doa, mtoto anaogopa kurudia. Mwisho huwa wanapitisha wino juu yake. Safari hii sikuwakumbusha." Akanigeukia. "Ulidhani nimewaandikia?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ningewaandikia, baba, si ningetumia wino?"

Nikamwamini. Lakini ukurasa wa kwanza wa mtihani ulisema penseli ni kwa michoro tu, na mkuu wangu angeshika hapohapo. Angeweza kuwanyima watoto wale alama zao, na mimi kuninyima kazi.

Niliketi kwenye ofisi ya walimu wao, nikajaza maksi zote arobaini na moja kwenye fomu. Penye nafasi ya maoni niliandika kwamba ritifaa ni za penseli, kwamba nimewaona watoto wakiziweka kwa mikono yao, na kwamba nimezikubali. Nikasaini. Nakala nikamwachia mwalimu. Kisha nikapiga simu Mkuyuni kabla sijaanza kufikiria upya.

"Mkuu," nilisema, "Kiingereza chao sikifuti. Fomu nimeshaisaini."