Asubuhi Pikipiki Ilipokataa Kuwaka

Wageni hunicheka nikiwaambia Tabora kuna baridi. Wao wanalijua jua letu la Oktoba tu, lile la kupasua kichwa. Waje mwezi wa sita, alfajiri, washike usukani wa pikipiki iliyolala uani, kisha tuongee.

Pikipiki yangu ni kuukuu. Stata ya kubonyeza ilikufa siku nyingi, kwa hiyo naiwasha kwa kiki, na msimu wa baridi kiki ni kazi ya kumvua mtu sweta. Unavuta choki, unakanyaga taratibu kabla ya kufungua swichi ili mafuta yapande, unafungua, halafu unakanyaga kwa nguvu zako zote. Hulalamika kidogo, kisha huwaka. Nasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa mgeni wa chombo changu.

Jioni moja ilikuja simu kutoka Usoke. Mama mkubwa, dada pekee wa mama yangu, aliolewa huko na mkulima wa tumbaku, na alikuwa ameugua muda mrefu. Aliyepiga ni mwanawe. Alisema mama yake amekataa kila chakula, ila ameomba uji wa ulezi wa mkono wa mdogo wake, kama ule waliokuwa wakinywa nyumbani kwao walipokuwa wasichana.

"Mwambie mama mdogo awahi," alisema, na sauti yake ikatueleza yaliyobaki.

Tukakubaliana kuondoka mara baada ya sala ya alfajiri. Nikaenda msikitini kuswali isha, niliporudi nikapitiliza kitandani. Mama alibaki uani akihangaika na maandalizi yake. Ni mtu wa zamani wa mtaa wa Kanyenye, hasafiri mpaka aoshe kila kitu, ndala, mkoba, hata mpini wa mwavuli. Hawezi kuingia kwa watu na uchafu wa kwao, ndivyo asemavyo, na kwa dada yake mkubwa ndiyo kabisa.

Alfajiri nilimkuta kando ya jiko la mkaa akikoroga. Aliumimina uji kwenye chupa ya chai, akakaza kifuniko, akaifunga chupa kwa kanga kama anayembeba mtoto. Alikuwa tayari. Nikaiendea pikipiki. Ilikuwa imelowa, nikadhani ni umande, nikaifuta kiti na kuanza.

Kiki ya kwanza, kimya. Nyingine, ikakohoa. Nikafurahi, nikakanyaga tena, ikakohoa tena na kunyamaza. Nikaangalia mafuta, yapo. Nikafungua plagi inayotoa cheche, nikaisugua, nikaipasha moto juu ya makaa ya jiko lile lile la uji, nikairudisha ikiwa bado inaniunguza vidole. Ikakohoa vizuri zaidi, halafu ikazima.

"Bado?" mama akauliza.

"Bado kidogo, mama. Ni baridi hii."

"Baridi ya mwaka huu haina adabu," akasema, akaikumbatia chupa yake.

Kile kikohozi ndicho kilichotumaliza. Ingekataa moja kwa moja ningeiacha pale pale, nikatafuta usafiri mwingine. Lakini kila nilipokanyaga ilinipa matumaini, na mimi kila mara niliamini inayofuata ndiyo yenyewe. Jirani yetu wa bodaboda alipita langoni akiwa anakwenda kijiweni, akauliza kama tuko salama. Nikamjibu inawaka sasa hivi. Mpaka leo nikikutana naye nalikumbuka jibu langu, na naumia.

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya ukuta nilipoichomoa kofia ya plagi, ile ya mpira inayoifunika kichwani, nikaichungulia ndani. Tone la maji likadondoka kiganjani. Nikainusa ile kofia. Ilinukia sabuni ya unga.

Nikageuka nikaona ndoo imepinduliwa kando ya bomba na tambara langu limeanikwa kwenye kamba. Nikaitazama pikipiki, sasa kwa mwanga. Ilikuwa safi kama siku niliyoinunua. Mama alikuwa ameiosha usiku, peke yake, na mgongo wake ule, ili tusifike kwa dada yake na uchafu.

Nikaikausha kofia kwa ncha ya shati, nikairudisha. Ikawaka kwa kiki moja.

"Kumbe ilikuwa nini?" mama akauliza huku akipanda.

"Baridi tu, mama."

Njia ya kwenda Usoke inafuata upande ule ule waliokuwa wakielekea wapagazi wa misafara, wakienda Ujiji kwa miguu na mizigo vichwani. Siku ile niliwaonea wivu. Wao walau tangu alfajiri walikuwa wanasogea. Upepo ulinitoa machozi, na nyuma yangu nilihisi ugumu wa ile chupa ukinisukuma mgongoni kila tulipopita kwenye tuta.

Tulipokata kona ya kwao tuliona wanawake wanaingia uani wakiwa wamejifunga kanga viunoni. Mwanawe mama mkubwa akatoka kutupokea, akaishika mikono ya mama yangu.

"Mama mdogo, tumeondokewa."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Alikuwa anauliza kama mmeshatoka."

Mmoja wa wale wanawake aliipokea chupa, akaifungua kuona kuna nini. Mvuke ukatoka. Mama aliutazama ule mvuke, ndipo akaketi chini na kulia.

Hatukulizungumza tena sisi wawili. Kila msimu wa baridi ukirudi mama huilaumu baridi mbele za watu, kwamba ndiyo iliyomnyima kumwona dada yake, na mimi naitikia, ndiyo mama, baridi ile ilikuwa mbaya. Nilijua ninamkinga. Niliona ni kitu kidogo ninachoweza kumfanyia, na kwa kweli nilijiona mwana mwema.

Mwaka huu tulipanga kwenda Usoke kumsomea mama mkubwa dua. Jioni nikatoa ndoo ili niioshe pikipiki, maana ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Mama akatoka ndani.

"Usiioshe. Twende hivyo hivyo."

"Watu watasema, mama."

"Waseme."

Akarudi ndani, kisha akatoka tena na kitambaa kikavu, kimekunjwa vizuri. Akanipa bila kunitazama usoni.

"Asubuhi kabla hujapiga kiki," akasema, "futa kwanza ndani ya ile kofia."

Mimi sikuwahi kumtajia kofia. Nilipokea kitambaa, nikasema ndiyo mama, na yeye akaenda kuloweka ulezi.