Matumbawe Kwenye Muundi wa Mkwezi

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ndogo ya Likoni. Nyumbani kwetu ni Mjambere, huko Kisauni, kwa hiyo kila asubuhi nilivuka maji mara mbili, kwanza daraja kisha feri, na nilipofika langoni nilivua buibui nikalikunja mkobani. Nilijiona mtu wa maana kwa sababu moja tu: Kiingereza. Daktari wetu wa mifupa alitoka ng'ambo na Kiswahili chake kilikomea kwenye "jambo" na "pole". Mgonjwa aliyetaka kusema naye ilibidi apitie kinywani mwangu.

Mwaka mmoja tulikuwa na mzee, mkulima wa upande wa Mtongwe, ambaye pia alikuwa mkwezi wa minazi. Aliteleza juu ya mnazi akaanguka, akavunjika muundi, mfupa ule wa mguu chini ya goti, ukatokeza nje ya ngozi. Kidonda kikaoza, na daktari akalazimika kutoa kipande cha mfupa uliokufa. Wiki zikapita, kidonda kikakauka vizuri, lakini mfupa haukuunga. Katikati yake palibaki pengo la upana wa kidole changu.

Daktari alikuwa na kitu kipya cha kujaza pengo hilo. Kilikuwa chembe za matumbawe, jiwe la baharini hili hili tunalojengea nyumba, ila lilikuwa limesafishwa kiwandani likachanganywa na kitu laini kama sponji, kilichotengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe. Alinieleza kwa furaha. Matumbawe yana vitundu vingi, alisema, damu hupita humo, na mfupa mpya hujijenga ndani yake pole pole. Baadaye jiwe na ngozi huyeyuka, mwili ukavila, ukabaki mfupa wa mtu mwenyewe.

"Mwambie kila kitu," akaniagiza. "Asipotaka, tutamchukulia mfupa wa nyongani. Ni uamuzi wake."

Tukasimama kando ya kitanda. Ilikuwa karibu na adhuhuri, foleni nje imefika kwenye ngazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Daktari anasemaje?"

"Anataka kukutia dawa mfupani, uunge."

"Dawa hiyo imetengezwa na nini?"

"Ni dawa ya hospitali tu."

Akaniangalia. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mikono yake ilikuwa na sugu nene za kukumbatia minazi. "Haina kitu cha haramu ndani yake? Nifahamishe, mwanangu, maana itakaa mwilini mwangu."

"Haina," nikasema.

Daktari akaniuliza mzee anauliza nini. Nikamwambia, "Anauliza kama itauma."

Mpaka leo najiuliza kwa nini. Naweza kusema nilikuwa na haraka, na foleni ilikuwepo kweli. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba niliona haya. Sikutaka daktari yule asikie watu wetu wakiuliza ng'ombe alichinjwa vipi, akaniweka na mimi katika fungu hilo. Swali lile lile ningeliuliza mimi kama mguu ungekuwa wangu.

Mzee akatia dole gumba kwenye wino, akaweka alama yake kwenye karatasi ya idhini niliyomshikia.

Mguu ulipona. Miezi ilipita, akaacha magongo mawili akabaki na mkongojo mmoja. Siku aliyokuja kupigwa picha ya mwisho mimi nilikuwa nyumbani na homa. Aliyefasiri alikuwa muuguzi mwenzangu, mwenyeji wa Likoni. Nilipoingia kazini siku ya pili alinivuta hadi chumba cha kubadilishia nguo.

"Kumbe hukumwambia?"

"Nani?"

"Mzee wa mnazi. Daktari amemwonyesha picha, akasema jiwe na ngozi ya ng'ombe vimekwisha kuyeyuka. Mzee akaniuliza, jiwe gani? Ngozi gani? Nikadhani amesahau. Wallahi, nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yako."

Jumamosi nikanunua sukari na unga wa ngano, nikaenda kwake. Mkewe alinikaribisha barazani, akachukua vile vitu bila ya kuvitazama. Mzee akatoka, akaketi kwenye mkeka, mguu wake kaunyosha mbele.

Nilianza kuomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono. "Kwanza nieleze. Nieleze kama ulivyotakiwa unieleze siku ile."

Nikaeleza. Matumbawe, vitundu, damu, mfupa unavyojijenga. Alisikiliza kwa makini, hata akatabasamu niliposema mwili umelila jiwe. "Subhanallah," akasema. Kisha akauliza, "Na huyo ng'ombe, alichinjwa na nani?"

Nilikuwa nimemwambia mtu "haina" juu ya jambo ambalo sikulijua, wala sikuwahi kuliuliza.

"Sijui, baba."

"Hujui," akasema. "Basi ungesema hivyo. Ningemtuma mtu kwa shehe, na pengine shehe angesema ni dharura, nami ningekubali. Jiwe halikunichukiza, mwanangu, wala daktari. Wewe ulinikatia shauri, mimi nimelala hapo na akili zangu timamu."

Jumatatu nikaenda kumwuliza daktari juu ya ng'ombe. Akashangaa kwa nini nauliza baada ya muda wote huo, na hapo ikanibidi niseme. Hakupaza sauti. Alitoa faili, akaitafuta ile karatasi, akaiweka mbele yangu, alama ya dole ikiwa pale chini.

"Kwa hivyo hii ni nini?" akauliza.

Aliandika barua kwa watengenezaji. Jibu lilipokuja lilisema ni ngozi ya ndama wa machinjio ya Ulaya, basi. Nikalipeleka Mtongwe mwenyewe. Mzee alikuwa ameshamwuliza shehe wa msikitini kwao, akaambiwa hana kosa lolote, hakujua. Aliposema "hakujua" mkewe aliinuka akaingia ndani.

Daktari hakunifukuza. Alinipeleka chumba cha kufungia vidonda, na kazi ya kufasiri akampa mwenzangu. Nilipoulizwa nyumbani nilisema nimeomba mwenyewe kubadilishwa, na mama yangu alifariki akiamini hivyo.

Mzee aliendelea kuja kliniki miaka miwili mitatu. Hakurudi tena kukwea, lakini alitembea vizuri, na kila aliponikuta ukumbini aliitikia shikamoo yangu, akaniuliza hali ya wazee wangu Kisauni kama kawaida ya watu. Jambo lolote la mguu wake alimngojea mwenzangu. Hata mwenzangu awe na wagonjwa kumi mbele yake, mzee alikaa kwenye benchi akamsubiri, nami nikipita mbele yake na trei ya bandeji tu, sina kazi nyingine.